Kamera ndogo ya safari kwa mwanga hafifu: soma namba ya pili kwanza

Picha iliyonifanya niandike mwongozo huu ni ya fundi saa. Nilikuwa safarini, jua limeshazama, naye yuko kibandani kwake anafanya kazi chini ya balbu moja iliyoning'inia usawa wa kichwa. Kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, kibanio kiko mkononi, saa imefunguliwa mgongo na vigurudumu vyake vimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Nilimwomba ruhusa, akaitikia kwa kichwa bila kuinua macho. Sikutaka kumsogelea nikamzibia mwanga, hivyo nikavuta lenzi na kubonyeza mara 9. Usiku nilipozitazama, zote 9 zimetikisika. Mikono yake, ambayo ndiyo niliyoifuata, imekuwa kama moshi.

Nikafungua taarifa za picha: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200, shata (muda wa kuingiza mwanga) sekunde 1/10, tundu (uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga) f/5.6. Hiyo f/5.6 ndiyo iliyoniuma. Kamera ile niliinunua kwa sababu muuzaji aliniapia kuwa ni ya usiku, akanionyesha kwenye boksi palipoandikwa 2.8. Hakunionyesha namba iliyofuata baada ya kistari. Kati ya f/2.8 na f/5.6 mwanga unapungua hadi robo. Yaani kama lenzi ingebaki kwenye 2.8, shata ingekuwa 1/40 badala ya 1/10, na huenda leo ningekuwa na mikono ya yule fundi.

Tangu hapo sinunui wala simshauri mtu kununua kamera ya mfukoni kabla ya kusoma namba ya pili. Megapikseli, rangi ya mwili, Wi-Fi na kioo cha kugusa mtavikuta kila mahali, mimi sitavigusa.

Namba zenyewe zimeandikwa kwenye pete ya lenzi, kwa mfano 1:1.8-4.9. Ya kwanza ni tundu linapokuwa wazi kabisa kwenye pembe pana (kabla hujavuta), ya pili ni linapokuwa wazi kabisa ukiwa umevuta hadi mwisho. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi. Kutoka 1.8 hadi 4.9 unapoteza zaidi ya mara 7 ya mwanga, na wewe umesimama palepale na mkono wako ni uleule. Tena lenzi haisubiri ufike mwisho ndipo ijifunge. Inaanza kujifunga tangu mvuto wa kwanza.

Jaribu ukiwa dukani, haichukui dakika moja. Weka kamera kwenye A (kwa Canon ni Av), hali ambayo wewe ndiye unayechagua tundu, fungua tundu hadi namba ya chini kabisa, kisha vuta lenzi polepole huku macho yakiwa kwenye ile namba ya f. Angalia inaruka lini na inaruka hadi wapi. Muuzaji akikwambia kamera haina chaji, mwambie aichaji, utasubiri.

Sasa niingie kwenye mpangilio wangu.

1. Ricoh GR III na GR IIIx

Sifichi: ninaipenda Ricoh, na kama una fedha ya kamera moja tu ya safari, nunua hii. Lenzi yake haivuti kabisa, ni f/2.8 ileile asubuhi na usiku, kwa hiyo ule ugonjwa haipo njia ya kuupata. GR III ya 2019 inaona upana wa milimita 28, na GR IIIx ya 2021 inaona 40 (namba ikiwa ndogo, inaona eneo pana zaidi). Ndani mna kihisi (kipande kinachopokea mwanga) cha saizi ya APS-C, milimita 23.5 kwa 15.6, kikubwa zaidi ya mara 3 kuliko vya hizo zinazoitwa za inchi 1 (ambazo hazina inchi popote: ni milimita 13.2 kwa 8.8, na jina limerithiwa kutoka mirija ya kamera za video za zamani). Kihisi chenyewe kinaelea na kutuliza mtikiso wa mkono. Na bado GR III nzima, pamoja na betri na kadi, ni gramu 257 na inaingia mfuko wa suruali.

Mtaniambia f/2.8 si tundu kubwa. Ni kweli, lakini pigeni hesabu pamoja na eneo la kihisi. Sony au Canon ya inchi 1 kwenye f/1.8 inapata mwanga mara 2.4 zaidi kwa kila milimita ya mraba, ila milimita zenyewe ni chache zaidi ya mara 3. Ricoh bado inashinda kidogo. Wakivuta lenzi hadi 2.8 yao, inashinda mara 3.

Kasoro zake nazijua kwa sababu naishi nazo. Betri ni ya picha 200 hivi, beba mbili au tatu. Flashi haina. Kioo cha nyuma hakikunjuki. Na gizani ulengaji wake unababaika, lenzi inaenda mbele na nyuma huku tukio linapita. Dawa ninayoitumia mimi ni kuizuia isilenge: naweka Snap (hali ya Ricoh ya kulenga umbali uliopangwa mapema) kwenye mita 2, f/2.8, na kwa GR III chochote kilicho kati ya kama mita 1.5 na karibu mita 3 kinatoka safi. Nabonyeza, inapiga hapohapo. Kwa mtu anayepita kwenye mwanga wa taa ya dirisha, sijaona kamera ndogo nyingine inayonipa uhakika huo.

GR IV ya 2025 imebaki na 28 na f/2.8, ila inatuliza mtikiso kwa mihimili (pande za mtikiso) 5 badala ya 3. Ukiweza, ichukue. Usipoweza, GR III haijaharibika.

2. Panasonic LX100 II

Kama huwezi kuishi bila kuvuta, hii ndiyo lenzi ya kweli: milimita 24 hadi 75, f/1.7 hadi 2.8. Namba ya pili ni 2.8! Kihisi ni cha Four Thirds (saizi iliyo kati ya inchi 1 na APS-C), ingawa kamera haitumii eneo lake lote. Kwenye pembe pana kabisa, na hapa nasema ukweli ingawa unaipunguzia Ricoh yangu sifa, LX100 II inakusanya mwanga zaidi ya GR. Ukivuta hadi 75 mambo yanageuka.

Tundu lina pete yake kwenye lenzi na shata ina gurudumu lake juu, kwa hiyo unaliona tundu ulilochagua hata kabla ya kuwasha. Niliiweka ya pili kwa sababu ya gramu 392. Hiyo ni kamera ya koti au mkoba. Kamera iliyobaki hotelini haipigi picha ya usiku.

3. Sony RX100, lakini si yoyote

Hapa ndipo wasomaji wengi wanaoniandikia wameumia. Wanaona namba za Kirumi zinapanda na wanaamini mpya ndiyo bora gizani. Sivyo. RX100 ya kwanza, 2012, ni 1.8-4.9. Ya tatu, 2014, ikaja na 24 hadi 70 kwa f/1.8-2.8, na hiyo ndiyo lenzi unayoitaka. Ya nne na ya tano zimebaki nayo. Kisha 2018 ya sita ikabadilisha kila kitu: inavuta hadi 200, na tundu likawa 2.8-4.5. Ya saba, 2019, ni hivyohivyo. Kwa mchana wa safari ni kamera nzuri mno, inalenga kwa kasi ya ajabu. Kwa usiku, ya tatu ya zamani inaipita, na mara nyingi inauzwa kwa fedha ndogo zaidi. Basi tafuta ya III, IV, V au VA (V iliyorekebishwa), usikubali kusukumiwa VII kwa sababu ni mpya.

Faida nyingine: ina hali inayopiga fremu kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa picha moja yenye chenga (vidoa vya gizani) chache. Kwa majengo na mitaa iliyotulia inafaa sana. Kwa watu haifai.

4. Canon G7 X

Zote tatu (2014, 2016, 2019) ni 24 hadi 100, f/1.8-2.8. Kwa karatasi inaizidi Sony, maana inafika 100 ikiwa bado kwenye 2.8, na kwa kuvuta mikono ya fundi ingenitosha kabisa. Ningeiweka ya tatu kama si bei.

Na bei hii naomba niizungumze. Watu wameipenda mitandaoni, na ghafla kamera ya miaka mingi, pete imekwaruzika, boksi halipo, inaulizwa zaidi ya ilivyouzwa mpya. Hakuna kilichoongezwa ndani yake. Kuna wauzaji wanaokujia na kauli ya "imebaki moja tu, kuna mwenzako anakuja jioni". Mimi nimeambiwa hivyo kuhusu kamera ileile wiki tatu mfululizo na muuzaji yuleyule. Mtu amejinyima mwaka mzima kwa safari moja ya maisha yake, halafu anakutana na hilo. Linanikera kweli. Msinunue kwa haraka ya muuzaji.

Za bei ya chini

Zile zenye kihisi kidogo kinachoitwa cha inchi 1/2.3 na lenzi inayovuta mara 30 au 40: eneo la kihisi ni kama robo ya inchi 1, na namba ya pili huwa 6 na zaidi. Ziacheni. Simu mliyonayo itafanya vizuri zaidi.

Ukishanunua

Mfumo wa kutuliza unatuliza mkono wako, haumtulizi mtu unayempiga. Kwa jengo, 1/8 inawezekana ukiegemea nguzo na kutoa pumzi taratibu. Kwa mtu aliyekaa usishuke chini ya 1/60, kwa anayetembea 1/125, na uiachie ISO ipande. Mimi kwenye Ricoh naifikisha 6400 bila woga, kwenye inchi 1 naishia 3200. Chenga zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa. Piga tatu au nne mfululizo, kwani kidole huitikisa kamera zaidi kwenye ile ya kwanza.

Na kwa wale watakaochukua GR iliyotumika: zina tabia ya kuingiza vumbi hadi kwenye kihisi, na lenzi haitoki ili ulifute. Kabla hujatoa fedha, funga tundu hadi f/16, piga ukuta mweupe au mbingu, kisha kuza picha na uipitie kona hadi kona. Ukiona madoa ya kijivu yasiyohama hata ukipiga picha nyingine, irudishe mezani.