Flampeni gani ununue nonstiki ikishabanduka

Yai likianza kung'ang'ania katikati na alumini nyeupe ikaonekana chini ya ule weusi, flampeni hiyo imekwisha. Mpe mnunuzi wa vyuma chakavu apime kilo. Mpya usiichague kwa uso unaong'aa. Angalia tako, unene na mkono. Mimi nazipanga hivi, ya kwanza ndiyo bora.

1. Chuma cheusi cha bati nene

Pale Kariakoo kwenye maduka ya vyombo, mara nyingi utauziwa kwa jina la kikaango cha chapati. Hakina utando wa kubanduka, basi hakuna cha kuharibika. Wakaanga chipsi wa mitaani wanatumia makarai ya chuma kwa sababu hiyo hiyo: moto wao hauna huruma. Utando wa nonstiki ya kawaida huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 hivi, na jiko la mkaa lililokolea linafika huko haraka chombo kikiwa kitupu. Moshi wa utando huo unaweza kuua kasuku aliye ndani ya nyumba.

Nenda na sumaku na rula. Sumaku isiponasa, hicho si chuma cheusi. Laza rula kwenye tako. Likiwa limebenuka, mafuta yatakimbilia pembeni. Unene usipungue milimita 2, na mkono uwe wa chuma uliofungwa kwa ribiti, kwani wa plastiki utayeyukia kwenye mkaa. Fundi wa Gerezani anaweza kukutengenezea cha saizi unayotaka, ila muulize bati limetoka wapi. Bati lenye zinki, kama lile la kuezekea, likatae, na pipa lililobeba kemikali pia.

Ukifika nacho nyumbani, kioshe kwa sabuni na maji ya moto, kikaushe jikoni, kipake mafuta ya alizeti, kisha uyafute mpaka uone kama hujapaka kitu. Kiache motoni hadi moshi ukatike. Rudia mara tatu au nne. Mafuta yanageuka kuwa ngozi nyeusi ngumu, na kila ukikaanga inazidi kukomaa. Adui ni maji. Kwa unyevu wa Dar, kikaango kilichoachwa kwenye beseni la vyombo usiku kucha kinaamka na kutu. Kutu ikitokea, sugua kwa stilwaya uanze upya. Rosti ya nyanya, ukwaju na ndimu vipikie kwingine, maana uchachu unaila ile ngozi.

2. Chuma kizito cha kalibu

Matunzo ni yale yale, na joto kinalishika kuliko vyote. Nimekiweka cha pili kwa bei na uzito tu: dada akikiinua kwa mkono mmoja, kifundo kinalalamika. Kikianguka kwenye vigae kinaweza kupasuka, na ukikimwagia maji baridi kikiwa cha moto vilevile. Ukikikuta cha mtumba chenye kutu ya juu juu, usiogope, punguza bei.

3. Stenlesi ya tako nene

Nzuri kwa nyumba ya rosti na samaki wa nazi, kwani haijali uchachu. Ila tako liwe na alumini katikati. Ile nyembamba inaunguza kitunguu upande mmoja na kuacha mwingine mbichi. Ipashe kwanza hadi tone la maji likimbie juu yake, ndipo utie mafuta.

4. Alumini tupu ya kuyeyushwa

Bei rahisi, na chapati inaiva sawasawa. Lakini vipimo vya vyombo vya namna hii, vilivyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu katika nchi kadhaa, vimekuta risasi (madini yenye sumu) ndani yake. Kwenye nyumba yenye watoto siiweki jikoni.

5. Nonstiki nyingine

Kwa anayepikia gesi na kukaanga mayai tu, sawa. Chukua ndogo, ya sentimita 20, na mwiko wa mbao. Iliyoandikwa "graniti" kwa kawaida si jiwe, ni alumini iliyopakwa utando wenye madoadoa. Maandishi kwamba haina PFOA, kemikali iliyokuwa ikitumika kutengeneza utando wa nonstiki, nayo yasikupandishie bei: makampuni makubwa yaliyokubaliana na serikali ya Marekani yalilenga kuiacha kufikia 2015. Muuzaji akisema inadumu miaka kumi, mwombe akuandikie waranti.