Pikipiki ya theluji: iliyobaki dukani au ya mwaka huu?

Majira ya baridi ya 2023–24 yalivunja rekodi ya joto Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani. Theluji ilikuwa haba, na mashine nyingi zikabaki madukani. Ndiyo maana muuzaji anakuonyesha toleo la zamani ambalo bado halijasajiliwa, bei imeshushwa.

Ya mwaka huu unalipa bei kamili, lakini unachagua: injini, rangi, na hasa urefu wa mkanda, ule wa mpira wenye meno unaozunguka chini na kuisukuma mashine. Ukiagiza majira ya kuchipua, mara nyingi unaongezewa muda wa dhamana, ingawa utaisubiri hadi vuli.

Iliyobaki unaichukua kama ilivyo, na hapa ndipo wengi huumia. Mkanda wa inchi 165 wenye meno marefu umetengenezwa kwa theluji laini ya milimani. Ukiupeleka kwenye njia ngumu zilizosawazishwa, meno yanaumia, na injini inayopozwa kwa maji hupata moto kwa kukosa theluji ya kurukia vipozeo, yaani sehemu zinazopoza maji hayo. Kwa njia hizo inchi 129 au 137 zinatosha kabisa. Punguzo halirefushi wala halifupishi mkanda!

Uliza pia dhamana inaanza lini. Dai iandikwe kwamba inaanza siku ya kununua. Betri ipimwe.

Ukiuza baadaye, mnunuzi atahesabu mwaka wa toleo. Kama utakaa nayo miaka kumi, hilo lisikunyime usingizi. Mimi, mkanda ukinifaa, nachukua iliyobaki.