Programu za simu za kulinganisha darubini na mtutu: kamera inasaidia, kipimo cha mwinamo kinapotosha

Kazi ya programu hizi ni risasi ya kwanza iguse karatasi, usipoteze risasi kumi kutafuta ilikokwenda. Anayetaka kupata shabaha kamili bila kufyatua, hapa hapati.

Zile zinazotegemea kihisio cha mwinamo achana nazo. Kosa la digrii 0.1 tu ni sentimita 17 kwenye mita 100. Zinafaa kunyoosha msalaba wa darubini (mistari ya kulengea) usilale upande, basi.

Za kamera ni habari nyingine. Picha yenye upana wa pikseli 4,000 ikichukua digrii 68, pikseli moja ni sentimita 3 hivi kwenye mita 100. Kwa lenzi ya kuvuta mara tatu inabaki sentimita 1. Ila kamera lazima ione ndani ya mtutu kutoka nyuma, kwa hiyo bunduki iwe ya bolti (chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma) inayochomoka.

Toa magazini, chomoa bolti, kagua chemba (mahali risasi inapokaa) kwa jicho na kwa kidole. Bana bunduki kwenye jiliwa lenye mpira. Weka duara jeusi la sentimita 10 kwenye karatasi nyeupe, mita 25. Gusa shabaha kwenye skrini kisha ufunge mwanga na fokasi. Usipofunga, kamera inaona giza la mtutu, inaongeza mwanga, na karatasi inageuka weupe mtupu. Hapo ndipo wengi huilaumu programu bure. Duara likikaa katikati ya tundu, usiiguse bunduki tena. Geuza virungu (vifundo vya kurekebishia) vya darubini tu.

Angalia mshale wa kirungu. Unaonyesha risasi itakakohamia, na msalaba huenda kinyume chake. Msalaba ukiwa kulia kwa shabaha, geuza kuelekea R (kulia). Kliki (hatua moja ya kirungu) ya miliradiani 0.1, kipimo cha pembe, ni milimita 2.5 tu kwenye mita 25, hivyo usishangae kuhesabu kliki nyingi.

Darubini ikiwa sentimita 4 juu ya mtutu, ukilinganisha vyote kwenye nukta moja mita 25, risasi ya .308 (saizi ya kawaida ya bunduki za kuwinda) itagonga takriban sentimita 4 juu kwenye mita 100. Programu isiyouliza kimo hicho imekuachia hesabu.

Zipo pia zinazouzwa na kijiti cha kuchomeka mdomoni mwa mtutu, simu ikining'inia mbele. Kijiti cha sentimita 10 kikilegea milimita 0.1, umekosea sentimita 10 kwenye mita 100, na uzito wa simu unakivuta chini. Kizungushe nusu mzunguko: alama ikihama, ukweli uko katikati ya alama mbili. Na kitoke kabla risasi haijaingia chemba, maana mtutu ulioziba hupasuka.

Baada ya hapo piga risasi tatu mita 25, rekebisha kwa kufuata kitovu cha matundu, kisha rudia mita 100.