Uzoefu wangu: wiki nane za kusomea uongozaji wa watalii wa mazingira, Tanga

Mwezi Oktoba mwaka jana nililipa ada ya shilingi 480,000 katika chuo kimoja kidogo cha hapa Tanga mjini, nikajiandikisha kwa mafunzo ya wiki nane ya kuongoza watalii wa mazingira. Nilikwenda na darubini ya kuazima, pamoja na imani kwamba mtu aliyekulia kando ya bahari hana la kuambiwa kuhusu mikoko. Imani hiyo haikufika mwisho wa mafunzo.

Wiki nne za mwanzo zilikuwa za darasani na sina mengi ya kuzisifia. Somo la huduma ya kwanza lilifundishwa vizuri, lakini siku nyingi tulikaa tukitazama picha za simba na nyumbu wa Serengeti ukutani, ilhali karibu sisi sote tulitarajia kutafuta kazi Amani, Pangani au Saadani. Nyumbu yule sikumwona tena mpaka tulipomkuta kwenye karatasi ya mtihani.

Mambo yalibadilika siku tuliyopelekwa kwenye mikoko ya Tongoni maji yakiwa yamekupwa. Mwalimu wa siku ile alikuwa mzee wa huko huko, mvuvi ambaye ujana wake alikata boriti, naye alituvusha topeni mti baada ya mti bila karatasi mkononi. Aliniambia, “Mwanangu, lamba jani hilo,” nami nikalamba jani la mchu nikakuta chumvi, kwa kuwa mti huo huitoa chumvi ya bahari kupitia majani yake. Mizizi yake huchomoza juu ya tope kama penseli zilizosimamishwa, kwa sababu ndani ya tope hamna hewa ya kutosha na mzizi hauna budi kuifuata juu. Mlilana tuliukuta mbele kabisa, unakopigwa na mawimbi. Mkandaa ulikuwa nyuma zaidi, na mzee alitueleza jinsi gome lake lilivyotumika kutia rangi na kulainisha ngozi. Tunda la mkomafi, ambalo ni kubwa kama mpira wa watoto, alilipasua akamwaga mbegu zake, kisha akatutaka tuzipange upya zirudi kuwa duara. Tulishindwa sote kumi na wanne, tukachekwa ipasavyo.

Mkoko wenyewe, ule ambao vitabuni huitwa Rhizophora mucronata, ulinishangaza kuliko yote. Mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikaning’inia kama kijiti kirefu cha kijani, na inapoanguka hujichomeka topeni au huchukuliwa na maji ikaote kwingine. Tangu utotoni nimewasikia akina mama wakirushiana maneno ya mkoko kualika maua, na kumbe ua lenyewe sikuwahi kuliona: ni dogo, jeupe lililofifia, na petali zake zina manyoya.

Amani tulikaa siku tatu, na kwangu siku hizo peke yake zinalipa nusu ya ada. Hifadhi ile ya mazingira asilia ilitangazwa mwaka 1997, ila bustani ya miti iliyomo ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kwa hiyo unatembea kati ya miti ya asili na ya kuletwa, na kazi ya kwanza ya mwongozaji ni kuitofautisha. Tulioneshwa msambu dume na msambu jike, maana mti huo una jinsia mbalimbali na ni jike tu anayezaa yale matunda makubwa yenye mbegu za mafuta. Tulioneshwa pia Maesopsis eminii, mti uliopandwa kule ukitokea magharibi, ambao sasa umeenea ndani ya msitu hasa palipokatwa miti. Mwenye kuueneza ni hondohondo: hula matunda yake na kuzidondosha mbegu mbali. Mpaka hapo nilikuwa nikimwona hondohondo kama pambo la msitu tu, kwa mlio wa mabawa yake na kwa namna jike anavyojiziba ndani ya tundu la mti huku dume akimlisha kupitia ufa. Mgeni akielezwa habari zote mbili, anamtazama ndege yule kwa muda mrefu zaidi. Nimelijaribu hilo mara kadhaa tangu nimalize.

Usiku tulitoka na tochi kutafuta vinyonga. Wakilala, rangi yao hupauka, hivyo mwanga ukiwapiga huonekana wazi kwenye ncha za matawi. Tulimpata yule mwenye pembe tatu, Trioceros deremensis, ambaye pembe ni za dume tu. Wenzangu wawili walikataa kumkaribia kwa hofu waliyokua nayo nyumbani, na mwalimu hakuwalazimisha, jambo nililolipenda.

Malalamiko yangu ni matatu. Darubini zilikuwa moja kwa watu watano, hivyo ndege aliruka kabla zamu hazijaisha. Kitabu cha ndege kilikuwa cha Kiingereza pekee, na hakuna aliyejishughulisha kukusanya majina ya Kisambaa au ya Kiswahili kutoka kwa wanakijiji waliokuwa wakitupita njiani. La tatu ndilo lililonikera hasa: hatukuambiwa mapema kwamba cheti cha chuo si leseni ya kuongoza watalii, na kwamba leseni huombwa kwingine kwa ada yake.

Nilipokwenda kuchukua cheti nilimuuliza msimamizi kama wanaweza kuuza siku za Tongoni na Amani peke yake, bila wiki nne za ukutani. Alisema wanalifikiria. Wakikubali, nitalipa tena, na safari hii nitakwenda na darubini yangu mwenyewe.