Helmeti ya dola 300: kabla ya kulipa, kagua sponji ya mbele

Malalamiko yanayoletwa mara nyingi na waendesha baiskeli wa Dar, Tanga na Mombasa hayahusu kuanguka. Yanahusu jasho. Mtu amelipa dola 300, zaidi ya shilingi 38,000 za Kenya, amepata helmeti nyepesi yenye matundu kila upande. Akianza kupanda kilima mwendo unashuka, upepo unakatika, na jasho la chumvi linammwagikia machoni kwa mkupuo. Anaendesha jicho moja limefumbwa huku lori linampita. Hili ni suala la usalama, lakini karibu kila anayepanga helmeti kwa ubora huanza na uzito na matundu, na hilo hafiki kulitaja.

Tulimalize kwanza swali la ulinzi. Kiwango cha Ulaya, EN 1078, kinataka kichwa bandia kilichovikwa helmeti kigonge chuma bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, kama kimeanguka kutoka mita 1.5 hivi, na mshtuko usizidi mara 250 ya mvutano wa dunia. Kile cha Marekani, CPSC, kinadondosha kutoka mita 2 na kuruhusu hadi mara 300. Helmeti ya dola 50 na ya dola 300 zinafanya mtihani uleule, na zote mbili zimejazwa povu jeupe la jamii moja na lile linalofungiwa televisheni. Mitihani hiyo haipimi msokoto wa kichwa, yaani kichwa kuzungushwa ghafla kinapogonga. Kwa msokoto, tazama vipimo vya chuo cha Virginia Tech, kilichoanza kutoa alama za helmeti za baiskeli mwaka 2018. Pale alama ndogo ndiyo nzuri. Specialized Align II yenye MIPS, mfumo unaoteleza kidogo ndani ya helmeti ili kupunguza msokoto, inauzwa chini ya dola 70 na ilipata nyota 5, daraja la juu kabisa, ilipopimwa. Kwa hiyo ukilipa dola 300 hununui fuvu salama zaidi. Unanunua hewa, wepesi, na namna jasho linavyoondolewa usoni.

Sasa hiyo sponji. Ya kawaida ni povu jembamba lililovikwa kitambaa. Inanyonya mpaka inashiba, na ikishashiba haina pa kupeleka maji. Ukikaza kidude cha kisogoni, helmeti inavutwa nyuma na paji la uso linaikamua sponji kama dodoki. Ukiinama kushika vipini vya chini, sehemu iliyo chini kuliko zote inakuwa katikati ya nyusi, na maji yote yanakusanyika hapo.

Jaribu dukani, ni dakika tatu. Omba maji vijiko viwili vya chai, uloweshe sponji ya mbele ikiwa ndani ya helmeti. Vaa, kaza kidude mpaka helmeti isicheze ukitikisa kichwa kabla ya kufunga mkanda. Inama kama uko barabarani, kisha ibonyeze helmeti kwa kiganja pale mbele. Matone yakikimbilia kwenye mapanja, endelea na mazungumzo ya bei. Yakidondokea kwenye daraja la pua, irudishe rafuni. Muuzaji akinuna, mwonyeshe kwamba sponji inabanduka na kukauka.

Ya kwanza kwangu ni Giro Aries Spherical, na sifichi kwamba naipendelea. Sponji yake ya mbele ina ukingo wa silikoni unaokaa juu ya ngozi na kuyasukuma maji pembeni kabla hayajafika kwenye nyusi. Tena mfumo wake wa kuzuia msokoto ni tabaka mbili za povu, moja ikiteleza ndani ya nyingine, kwa hiyo hakuna wavu wa plastiki unaonasa nywele kama ule wa MIPS ya kawaida. Mwenye twende kilioni au rasta anajua thamani ya hilo. Bei yake ni dola 300 na kitu. Kwa anayeendesha saa mbili na zaidi kwenye joto la pwani, naiona inastahili.

Ya pili ni Trek Velocis MIPS, iliyokuwa ikiuzwa kwa jina la Bontrager. Nayo ina silikoni ya kuelekeza jasho, na bei iko chini ya Aries. Trek huahidi kukubadilishia bure ukiigonga ndani ya mwaka wa kwanza, ila muulize muuzaji wa kwenu kama ahadi hiyo anaitambua, na akuandikie kwenye risiti.

S-Works Prevail 3 ya Specialized naiweka ya tatu, na najua wengi watanibishia. Kwa hewa haina mfano wake: mafundi wameondoa madaraja ya povu juu ya kichwa na kuyabadilisha kwa nyuzi ngumu ziitwazo aramidi. Lakini mbele ni sponji inayonyonya tu, na MIPS yenyewe imeshonwa ndani ya sponji hizo, kwa hiyo zikichakaa huwezi kubandika za kuokoteza.

Kask Protone Icon ni ya nne. Mkanda wake wa kidevuni, mfano wa ngozi, ni laini na unafutika kwa kitambaa. Haina MIPS, kampuni inatumia vipimo vyake yenyewe vya msokoto. Angalia saizi: M ya Protone ni sentimita 52 hadi 58, wakati M ya Giro ni 55 hadi 59. Kichwa cha 58 kitajaa mno kwenye Kask, na helmeti inayobana ndiyo inayokamua sponji. Pima sentimita 2 juu ya nyusi, nywele zikiwa zimesukwa kama utakavyoendesha.

Kwa bajeti ndogo, chukua Align II na kitambaa cha kufunga kichwani chini yake. Inatosha.

Kinachouma ni wauzaji. Mitandaoni zimejaa "S-Works" za dola 40. Geuza ndani: kama hakuna lebo ya EN 1078 au CPSC yenye tarehe ya kutengenezwa, ni bandia. Za mitumba usiguse kabisa, kwa sababu povu likishabonyea mara moja halirudi, na ufa unaweza kujificha chini ya ganda linalong'aa. Na wale wa maduka halisi, wanaopandisha bei karibu mara mbili na kusingizia ushuru, ukiuliza sponji za akiba wanakutazama kama umeomba injini ya ndege. Sponji inayofuliwa kila wiki haikai miaka mingi. Chumvi inaikakamaza na gundi inabanduka. Ifue kwa maji baridi na sabuni ya kipande, ikauke kivulini, na usiiache helmeti kwenye buti ya gari juani. Siku ya kununua, dai seti mbili za akiba ziingie kwenye bei ileile. Akikosa, punguza unacholipa.