Duka la barua za viongozi, Charing Cross London: nilipopata Eden wangu wa Suez

Kwa mnaokusanya barua zilizosainiwa na viongozi, piteni hapa, hasa mkitafuta za wakati wa misukosuko, maana huko ndo bei zinapopaa na feki zinapojaa.

Mi nilikuwa nataka ya Suez, 1956. Rais Nasser wa Misri alitaifisha Mfereji wa Suez 26 Julai, mwanzoni mwa Novemba majeshi ya Uingereza na Ufaransa yakatua Port Said, mfereji ukafungwa, na meli za Ulaya zinazokuja kwetu Mombasa ikabidi zizungukie Afrika Kusini. Kwa hiyo barua ya Anthony Eden, waziri mkuu wa Uingereza aliyetuma majeshi ya nchi yake, kwangu ni historia ya nyumbani kabisa.

Wakanitolea mbili. Ya kwanza karatasi ya 10 Downing Street, ofisi ya waziri mkuu, imepigwa taipu safi, bei poa. Kabla sijauliza kitu muuzaji akaniambia angalia tarehe, mwisho wa Novemba. Eden alikuwa anaumwa, 23 Novemba akapanda ndege kwenda kupumzika Jamaica na hakurudi mpaka katikati ya Desemba, sasa hapo London kasaini nani? Yeye anaiuza kama saini ya katibu na anaandika hivyo hivyo kwenye risiti. Aisee hapo nilimheshimu.

Halafu hakuharakishi, anakupa lensi uangalie wino mwenyewe. Saini ya mkono kuna sehemu imekolea na sehemu imepita kwa wepesi, ya mashine ya kusaini inayoshika kalamu badala ya mtu inatoka unene uleule mwanzo mpaka mwisho, na ukikuta saini mbili zinalaliana sawasawa ujue hakuna binadamu anayesaini hivyo. Za Rais Kennedy wa Marekani uwe makini sana kwa hilo, ofisi yake iliitumia mno hiyo mashine. Churchill naye kuna barua za shukrani zinaonekana mwandiko wake kabisa, kumbe zimechapwa kiwandani.

Nilichukua ya pili, ya Agosti, mistari michache tu anamshukuru raia aliyemuunga mkono. Ukiisoma unaona mtu ana uhakika na anachofanya, na 9 Januari 1957 keshajiuzulu! Ndo maana kwangu tarehe na maneno vina thamani kuliko saini yenyewe.

Bei imechangamka, sifichi. Na fremu yao msichukue, kioo ni cha kawaida na jua linakula wino, tafuteni chenye kinga ya miale. Ila bahasha yenye mhuri wa posta dai upewe, wanayo ndani na wasipoulizwa wanaisahau.