Shelfu ya juu ya rejeta bila kutoboa ukuta, uzoefu wangu baada ya baridi nzima

Kwanza nikisema rejeta msije mkadhani ya gari. Huku Uingereza nyumba nyingi zinapashwa moto na boila ya gesi, maji ya moto yanazunguka kwenye mabomba yanaingia kwenye yale mabati mapana yaliyopachikwa ukutani, karibu kila chumba kina la kwake, na sisi watu wa Tanga tuliopo huku Coventry tumeyaita rejeta na maisha yanaendelea.

Sasa sebule yangu ni ndogo, na rejeta imekaa chini ya dirisha imekula ukuta wote ule. Huwezi kuweka kochi mbele yake maana utakuwa unapasha kochi, huwezi kuweka kabati, na kingo ya dirisha langu ni nyembamba hata kikombe hakikai. Nikawa naona watu wana kishelfu juu ya rejeta, wameweka maua, picha, kumependeza kweli, na mimi nikatamani. Shida nyumba ni ya kupanga na mkataba umesema wazi hakuna kutoboa. Wameshika dipoziti yangu ya wiki 5 za kodi, ndo mwisho sheria inaporuhusu kwa nyumba za kawaida huku England, na wiki 5 za kodi kwangu si hela ya kuchezea kwa ajili ya matundu manne ya drili.

Ndo nikakutana na hii ya kupachika na kutoa. Paundi 34, ubao mweupe wa MDF, yaani ule wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, sentimita 120 kwa 15, na mikono miwili ya chuma. Hakuna skrubu hata moja ya ukutani. Ule mkono una ulimi mrefu unauteremsha nyuma ya rejeta, pale katikati ya bati na ukuta, kikulabu kinakaa kwenye ukingo wa juu wa bati la nyuma, alafu kipande kinachobaki juu ndo kinabeba ubao. Kuna na raba ndogo nyuma ya kusukumana na ukuta. Karatasi ya maelezo inasema dakika 10.

Dakika 10 za nani sijui, mimi nilianza baada ya Isha baba watoto akiwa kazini zamu ya usiku na nilimaliza saa sita kasoro.

Tatizo la kwanza nilijitakia mwenyewe, nilipima rejeta kwa futi nikajumlisha na ile koki yenye namba pembeni ya kuongeza na kupunguza joto, nikasahau kwamba mlango wa kabati la vyombo unafungukia upande huo huo, kwahiyo nilivyoweka ubao ukawa unagonga mlango. Ikabidi nikate sentimita 14 kwa msumeno wa mkono pale pale sebuleni juu ya gazeti, na vumbi la MDF ni laini kama unga wa muhogo, linaingia mpaka kwenye rimoti, mkikata kateni nje na mvae barakoa. Kumbukeni hapo kwenye kukata maana pana balaa lake mbele.

La pili ni ukuta. Nilijua rejeta iko sawa na ukuta uko sawa, kumbe aliyeifunga zamani hizo aliikaza upande, kushoto nafasi ya nyuma ni sentimita 2 na nusu, kulia zinafika 4. Mkono wa kushoto ukakaa vizuri, wa kulia ukawa unalegea na ubao unainama kwa mbele. Pima maji sina, nikachukua limau jikoni nikaliweka katikati, likaanza safari taratibu likadondoka kwenye zulia. Nikakata raba ya ndala kuukuu nikaongezea nyuma ya ulimi wa kulia, nikarudisha limau, likaenda kidogo likasimama. Nikasema hapo hapo, usiguse tena!

Kwenye urefu wa kwenda juu msifanye haraka. Mikono inakubali kupandisha au kushusha ubao kwa nati moja ya vidole, na mimi mwanzo niliushusha mpaka ukakaribia kugusa bati kwa sababu ndo ulipendeza, chumba kikawa cha baridi nikabaki nalaumu boila. Jirani yangu mmoja Mkenya ni fundi bomba, alipopita kuchukua sahani zake akaniambia dada umeiziba pua hiyo, kazi kubwa ya rejeta kama hii ni hewa, ya baridi inaingia chini inapanda katikati ya mabati inatokea juu kwenye ule wavu, ukifunika pale umeua nusu ya kazi. Nikapandisha mpaka vidole vinne vikapita chini ya ubao, na kweli joto likarudi.

Sasa lile tangazo linadai shelfu inasukuma joto lije chumbani badala ya kupanda dirishani. Mimi nina kipimajoto cha bei rahisi, kabla ya shelfu asubuhi kilikuwa kinasoma 18, baadae 19, lakini wiki hiyo hiyo baridi ya nje nayo ilipungua kwahiyo siwezi kuapa. Ninachoweza kuapa ni pazia. Pazia langu ni refu lilikuwa linaifunika rejeta usiku kucha, joto lote linaishia kati ya pazia na kioo, yaani tunalipia gesi kupasha bustani ya jirani. Sasa hivi linatua juu ya ubao na rejeta imebaki nje. Ungeweza kukata pazia tu ukapata faida hiyo hiyo bure, najua, ila pazia langu silikati.

Kitu ambacho hakipo kwenye tangazo lao na ndo kilichonifanya niipende ni mahamri. Wenzangu mliopo nchi za baridi mnajua shida ya hamira, unakanda asubuhi na tui lako na iliki yako, mpaka adhuhuri donge limekaa vile vile linakutazama. Nilikuwa nawasha oveni kidogo nazima, naweka ndani, mara nasahau. Sasa naweka bakuli juu ya shelfu, nafunika na kipande cha khanga, koki iko namba 3, saa moja na nusu limeumuka limesukuma khanga juu. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka nikapandisha mpaka 5, likaumuka likanywea, juu limefanya gamba na harufu kama ya pombe, nikaishia kukaanga vitu vigumu kama mawe ya pwani na watoto wakala kwa adabu tu. Namba 3, msizidishe.

Na kopo langu la udi wa sukari, niliacha pale bila kufikiria na kifuniko kimelegea, jioni nafungua mlango chumba kinanukia taratibu na hakuna mkaa wala moshi wa kuamsha kengele ya moto. Mishumaa usiweke lakini, ya kwangu miwili iliinama kama wazee wanasalimiana.

Haya turudi kwenye ule upande niliokata. MDF ya dukani imefunikwa kote, lakini ukikata pale ndani panabaki wazi kama mkate. Dirisha langu asubuhi za baridi linalia maji, yanatiririka yanafika mpaka kwenye ubao, na kufika mwezi wa pili ile ncha iliyokatwa ilikuwa imevimba imefura kama biskuti iliyotumbukizwa chai. Hiyo siwalaumu waliouza, nimekata mwenyewe. Nikasugua na msasa, nikapiga rangi ya mafuta mara mbili, imetulia, ila ukipitisha kidole unaisikia.

Ninachowalaumu ni neno moja, "haiachi alama". Wakala wa mwenye nyumba anapita kila baada ya miezi mitatu kupiga picha, na siku moja kabla nikatoa shelfu, kutoa kweli ni rahisi, unainua ubao unachomoa mikono, haikufika hata dakika mbili nimeshaisukuma chini ya kitanda. Nageuka naangalia ukuta naona mistari miwili myeusi ya raba, na ule wa kulia una muundo wa ndala kabisa! Nimesugua na sponji na dawa ya meno mpaka saa nne usiku. Ikatoka. Niliwaandikia wakanijibu kwamba inategemea rangi ya ukuta, basi si mngeandika hivyo toka mwanzo. Sasa hivi nimeweka vipande vya felti katikati ya raba na ukuta, wiki ya saba hii sijaona weusi.

Uzito wanasema kilo 10. Bakuli la donge, chungu kimoja cha mshubiri na picha mbili vinakaa bila wasiwasi, lakini mtoto wangu wa mwisho ana tabia ya kuning'inia popote panaposhikika na mikono hii imeshikiliwa na kikulabu tu, kwahiyo chumbani kwao sijaweka na siweki, wanaendelea kuanika soksi zao juu ya bati kama zamani.